Jani safi, mdudu ukungu: kutatua matatizo ya kupiga viwavi na tunutu kwa simu

Mvua zikianza tu, simu yangu hujaa picha za namna moja. Jani la mhindi limetoka safi, hata vinyweleo vyake unaweza kuvihesabu, na katikati yake kuna doa la kijani lililoyeyuka kama kipande cha sabuni. Chini yake ujumbe: "Kaka, hiki ni kiwavijeshi?" Nitajuaje? Huenda ndiye, huenda ni kiwavi mwingine asiye na neno, huenda ni mavi ya ndege.

Mimi si afisa ugani. Nina bustani nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na nilianza kupiga picha za wadudu kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja vidukari weusi walizivaa kunde zangu. Kati yao nikaona vidudu vyeusi vyenye madoa ya rangi ya chungwa, vimekaa kama mamba wadogo. Nikapiga picha, ikatoka ukungu, nikaituma hivyohivyo kwa muuza dawa mmoja. Akajibu: piga dawa. Nikapiga. Baada ya muda vidukari wakarudi wengi kuliko mwanzo, na vile vimamba havikuonekana tena. Kumbe walikuwa mabuu ya mdudu kibibi, yule mbawakawa wa mviringo mwenye madoa mgongoni, na kazi yao pale ilikuwa kula vidukari. Nimewaua walinzi wangu kwa sababu ya picha mbovu.

Ninaposema wadudu wachanga nina maana ya makundi matatu: viwavi, ambao ni watoto wa vipepeo na nondo; mabuu, watoto wa mbawakawa na nzi; na tunutu, watoto wa panzi na nzige, ila hapa nitawaingiza humohumo na watoto wa vunjajungu. Tunutu anafanana na mzazi wake, kinachopungua ni mabawa. Kiwavi na buu hawafanani na wazazi wao hata kidogo, ndiyo maana wanatuchanganya.

Jambo la pili ni ukubwa. Kiwavijeshi vamizi akitoka kwenye yai ana urefu wa milimita 1.7 hivi. Akifika hatua ya sita, ya mwisho kabla ya kuwa bundo (hatua ya kati kabla hajageuka nondo), ni kama milimita 34. Kwa hiyo picha inayoshindikana leo huenda wiki ijayo ikapigika bila shida. Tatizo ni kwamba wiki ijayo mahindi yatakuwa yameliwa.

Kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kikavu. Kila siku. Simu inayokaa mfukoni pamoja na jasho na mafuta ya vitumbua haiwezi kutoa picha safi, na najua watu waliokwenda kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Jani safi, mdudu ukungu

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi sababu yake ni moja: umesogea mno. Kila kamera ina umbali ambao ukiuvuka kuja karibu haiwezi tena kuona wazi, kama wewe usivyoweza kusoma gazeti lililobandikwa puani. Kwa simu nyingi za kawaida kamera kuu inahitaji sentimita 8 hadi 10. Na usidhani simu ya bei kubwa ina nafuu. Kamera zenye kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, huhitaji nafasi zaidi. Kamera kuu ya iPhone 15 Pro inataka sentimita 24, shubiri nzima. Kijana mwenye simu ya kawaida anaweza kumpiga kiwavi vizuri huku mwenye simu ya mamilioni akihangaika.

Pima ya kwako leo, usiku hata taa ya sebuleni inatosha. Weka gazeti mezani, simama na simu sentimita 30 juu yake, gusa maandishi kwenye skrini, piga. Shuka sentimita 2, gusa, piga. Endelea hadi herufi zianze kuyeyuka. Umbali wa mwisho uliosomeka ndio mpaka wako. Ukariri kwa mkono, maana hutabeba rula shambani: wangu ni upana wa kiganja pamoja na dole gumba.

Ukishaujua mpaka, rudi nyuma yake kidogo, piga, kisha kata picha baadaye ibaki sehemu yenye mdudu. Watu hawapendi ushauri huu kwa sababu kwenye skrini mdudu anaonekana mdogo. Tufanye hesabu. Kutoka sentimita 10, kamera kuu ya kawaida huona eneo lenye upana wa sentimita 14 hivi. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana, basi kila milimita inapata pikseli 29 hivi. Kiwavi wa milimita 10 anapata karibu pikseli 300 kwa urefu, na hizo zinatosha kumtambua. Aliyetoka kwenye yai jana anapata 50. Huyo hapigiki bila lenzi ya kubandika, tutafika huko.

Kama umbali uko sawa na bado ni ukungu, fuata mpangilio huu:

- Simu imelenga jani badala ya mdudu. Jani ni kubwa na lina mistari, kamera inalipenda zaidi. Gusa mdudu kwenye skrini, shikilia kidole mpaka simu ionyeshe kuwa imefunga fokasi, kisha sogeza mkono wako mbele na nyuma taratibu badala ya kuiacha simu itafute upya. Ikikataa kabisa, weka ncha ya kalamu kando ya mdudu, kwa umbali uleule, funga fokasi kwenye ncha, ondoa kalamu, piga.
- Simu imebadili kamera bila kukuuliza. Ukisogea utaona picha inaruka kidogo na pengine alama ya ua inatokea. Maana yake imehamia kwenye kamera pana. Kwenye simu nzuri hiyo ni neema, kwa kuwa kamera hiyo inaweza kukaribia hadi sentimita 2. Kama matokeo ni mabaya, gusa lile ua uizime.
- Unatumia kamera ndogo ya makro, yaani ya kupigia vitu vya karibu, ya megapikseli 2 iliyowekwa kwenye simu nyingi za bei nafuu. Nyingi kati ya hizo hazina fokasi ya kusogea. Zimefungwa kwenye umbali mmoja, kama sentimita 4, ukipitiliza mbele au nyuma umepotea. Binafsi siitumii. Kamera kuu ukiikata picha inaishinda.
- Kioo cha ulinzi kilichobandikwa juu ya kamera kimechubuka au kina vumbi ndani. Kibandue ujaribu.
- Hata mlima wa mbali hauonekani wazi. Hapo tatizo ni kamera yenyewe, nenda sehemu ya mwisho.

Kichwa kinaonekana, mkia umepotea

Hii si hitilafu. Ukikaribia kitu kidogo, unene wa eneo linaloonekana wazi hupungua; ukiwa na lenzi ya kubandika unaweza kubaki na milimita moja au pungufu. Kiwavi aliyelala kwa mshazari kuelekea kwako hawezi kutosha humo.

Mlaze sambamba na simu. Yaani mgongo wa simu na ubavu wa kiwavi viwe kama mbao mbili zilizopangwa. Ni rahisi kugeuza jani kuliko kujikunja wewe. Ukirudi nyuma kidogo eneo hilo huongezeka, sababu nyingine ya kutokung'ang'ania ukaribu.

Kama unatafuta jina la mdudu, huhitaji mwili mzima kwenye picha moja. Kwa kiwavijeshi vamizi piga mbili. Ya kwanza uso: kuna mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Ya pili mgongo karibu na mkia: madoa meusi manne yaliyokaa pembe nne za mraba, makubwa kuliko mengine. Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kiwavi mdogo kabisa, wa milimita 2 au 3, ana kichwa cheusi au kinachoanza kuwa rangi ya chungwa na mwili wa kijanikijani, na ile Y bado haijajitokeza. Usijilaumu wala kuilaumu simu. Badala yake piga jani. Wadogo hula upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, basi jani linakuwa na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Picha ya vidirisha hivyo ni ushahidi mzuri kuliko picha ya doa la kijani.

Picha imeburutika

Ukikuza picha ukaona kila kitu kimevutwa upande mmoja, kama rangi iliyopakwa kwa kidole, hiyo si fokasi. Kuna kitu kilitembea.

Cha kwanza upepo. Jani ambalo kwa macho limetulia kumbe linacheza. Likisogea kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde na kamera ikafunguka kwa 1/50 ya sekunde, limetembea milimita 1. Kwa lenzi ya kubandika hiyo ni zaidi ya pikseli 100: mdudu mchanga ameshafutika. Kasi ikiwa 1/500, ni pikseli 10 au 12 tu. Kama simu yako ina sehemu iliyoandikwa Pro, panga kasi hiyo mwenyewe. Kama haina, tafuta mwanga mwingi, simu itaongeza kasi yenyewe.

Dawa ya upepo kwangu ni kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Choma kijiti ardhini, bana jani pembeni ya mdudu, subiri atulie. Kingine ni saa. Saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 2 hivi upepo huwa umelala na viwavi wengi bado wako nje wanakula. Ukienda saa 9 alasiri unapigana na vyote viwili.

Cha pili mikono yako. Shika jani kwa mkono wa kushoto, na mkono wenye simu uegemee kwenye kifundo cha huo wa kushoto: jani likitikisika simu inatikisika nalo, umbali haubadiliki. Toa pumzi, ndipo upige. Tumia kitufe cha sauti kuliko kugonga skrini, au weka saa ya kusubiri sekunde 2.

Cha tatu mdudu mwenyewe. Kiwavi anayetembea msubiri. Akianza kula hutulia, kichwa tu ndicho kinachopanda na kushuka ukingoni mwa jani. Tunutu piga mfululizo, picha 10 au 20, utapata moja.

Kuna watu wanashauri kumweka mdudu kwenye friji apoe ndipo apigwe picha. Sipendi. Mdudu mchanga unaweza kumuua, akitoka anapata umande mwilini, anakaa vibaya hadi mtu mwenye kumjua anaona kuna kasoro. Tena ngoja mama mwenye nyumba akute kopo la funza kando ya maziwa.

Lenzi ya kubandika haionyeshi kitu, au kuna duara jeusi

Lenzi hizi za kibanio huuzwa kwa namba: 10x, 15x, 20x. Wengi husoma namba kama nguvu tu, kumbe ndiyo inayokuambia umbali. Gawanya milimita 250 kwa namba hiyo. Lenzi ya 10x inataka mdudu awe milimita 25 kutoka kwenye lenzi; ya 15x kama milimita 17; ya 20x milimita 12 na nusu. Nje ya hapo huoni hata rangi vizuri. Kwa hiyo anza ukiwa karibu kuligusa jani, kisha rudi nyuma polepole mno mpaka mdudu aibuke kutoka kwenye ukungu. Mara ya kwanza ukimwona utasahau ulichokuja kutafuta. Kwa 10x eneo lote la picha ni kama sentimita 3.5, na kiwavi wa milimita 1.7 sasa anapata karibu pikseli 200 badala ya 50.

Nunua ya 10x. Ya 20x ina sifa dukani, ila shambani kivuli cha simu kinamfunika mdudu na unagonga jani kila saa.

Ukishindwa, angalia kwanza kama umeiweka kwenye kamera sahihi. Simu nyingi zina kamera zaidi ya moja mgongoni. Fungua kamera, funika moja moja kwa kidole. Ile inayofanya skrini iwe nyeusi ndiyo inayofanya kazi. Kisha angalia kama imekaa katikati: duara jeusi likiegemea upande mmoja, sogeza lenzi kuelekea upande huo taratibu mpaka weusi ulingane pande zote, halafu vuta zumu kidogo, 1.5 au 2, uuondoe. Kava nene la simu nalo huinua lenzi, livue. Na kama simu inaendelea kurukia kamera pana kila ukikaribia, zima lile ua.

Mafundi wa nyumbani hutoa kilenzi kwenye deki mbovu ya DVD. Kinafanya kazi, ila umbali wake ni milimita chache tu. Ukifanya hivyo, toa kilenzi deki ikiwa haina umeme kabisa na usiiwashe ikiwa wazi. Mwanga wa leza yake unaumiza jicho. Usikibandike kwa gundi kali. Mvuke wa gundi ile huacha utando mweupe kwenye kioo cha kamera, na huo hautoki kwa kufuta. Lenzi zinazoshika kwa sumaku nazo ziepuke kwa simu zenye kitulizi cha picha, yaani kifaa cha ndani kinachopunguza mtikisiko wa kamera, kwa sababu kitulizi chenyewe kinaendeshwa kwa sumaku. Na lenzi yoyote ya kukuza usiielekeze kwenye jua.

Mdudu mweusi tii, au mgongo unang'aa mpaka rangi imekufa

Mweusi: nyuma yake kuna anga, simu imepima anga. Gusa mdudu, kisha telezesha kidole juu kwenye alama ya jua ili mwanga uongezeke. Anayeng'aa: jua la mchana. Simama uweke kivuli chako juu ya jani, au mtu akushikie kanga. Flashi ya simu achana nayo. Iko pembeni ya kamera, kwa ukaribu huu inaangaza upande mmoja na kutia doa jeupe mgongoni mwa mdudu. Afadhali tochi ya simu nyingine ikipita kwenye karatasi nyeupe ya daftari, au ukate kikopo cheupe cha mtindi umzungushie. Ukipiga ndani ya nyumba ukaona mistari myeusi imekatiza picha, ni taa. Umeme wetu ni wa Hz 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya 1/50 au 1/100, mistari itaondoka.

Mara moja tu ndipo nataka jua liwe nyuma ya jani: kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya. Kiwavi wa kantangaze haishi juu ya jani la nyanya, anaishi ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama ya jani na kuacha baka jeupe. Ukilipiga kawaida unapata baka. Chuma jani, liinue kati ya simu na mwanga wa asubuhi, sio jua lenyewe bali anga iliyo kando yake. Baka linageuka dirisha la manjano, na ndani yake unamwona kiwavi mwembamba wa kijani akiwa na vumbi jeusi la kinyesi nyuma yake. Ukitulia unaona kichwa kikienda kulia, kushoto, kulia. Funga fokasi kwenye ukingo wa baka, maana ndio wenye weusi wa kushikika, kisha piga.

Mdudu hayupo, au anakimbia

Kiwavijeshi mchana hujificha moyoni mwa mhindi. Tafuta kinyesi kama unga wa mbao mbichi, fungua majani ya katikati taratibu, au rudi alfajiri ama magharibi. Ukiwakamata usiwaweke wawili kwenye kifuniko kimoja cha chupa. Niliwahi kuwaacha hivyo nikanywe chai. Niliporudi nilikuta mmoja, na kichwa cha mwenzake.

Tunutu wa panzi na wa vunjajungu hukwepa kwa kuzunguka upande wa pili wa shina. Usimfuate. Peleka mkono wako wa pili kule alikojificha, atarudi mwenyewe mbele ya kamera.

Kwenye mlimau unaweza kusema hakuna kitu kumbe unamtazama. Kiwavi mchanga wa yule kipepeo mkubwa wa michungwa ana rangi ya mavi ya ndege, kahawia na weupe, na hukaa katikati ya jani peupe bila kujificha. Akikua anakuwa wa kijani. Ukimsumbua hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Picha yake ni nzuri, ila mguse mara moja tu.

Sasa acha kupiga picha ikiwa:

- Kiwavi ana manyoya. Usimshike, usimpulize. Nywele zikikuingia ngozini, bandika selotepu na uibandue ili izitoe, kisha osha kwa sabuni. Zikiingia jichoni usifikiche. Suuza kwa maji safi mengi na uende hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda saa hiyohiyo.
- Unachokiita mabuu kiko kwenye vyumba vya karatasi chini ya tawi. Hao ni watoto wa nyigu, na wazazi wako karibu.
- Shamba limepuliziwa dawa. Subiri muda ulioandikwa kwenye lebo. Uso wako utakuwa sentimita 10 kutoka kwenye jani.

Kwangu nzuri, kwa bwana shamba ukungu

WhatsApp inabana picha. Picha uliyoipiga kwa nusu saa inafika ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya pikseli zake, na mdudu wa pikseli 200 anabaki na chache. Kata picha kwanza ibaki mdudu na jani kidogo, ndipo utume. Chagua HD, yaani ubora wa juu, iliyokuwepo tangu 2023, au itume kama faili. Usipige picha ya skrini ukaituma hiyo.

Ikifika safi bado inaweza kukosa majibu. Mtaalamu anataka picha nne: mmea mzima, jani lililoliwa, mdudu kutoka juu pamoja na rula au sarafu, na uso wake. Andika ni zao gani, uko wilaya gani, lini. "Mdudu wa kijani kwenye bustani" haisaidii. Kwa mahindi unaweza pia kujaribu programu ya Nuru ya PlantVillage, inayotazama jani lililoliwa na kufanya kazi bila intaneti. Na kabla hujanunua dawa, hasa ukiona mashimo kwenye mimea mingi kwa mpigo, mwite afisa ugani aje aone kwa macho. Picha yangu ya kunde ilijibiwa kwa dakika 2, na jibu likawa baya.

Kamera inatetemeka, inalia au ina ukungu kwa ndani

Picha kwenye skrini inacheza hata simu ikiwa mezani, au unasikia mlio mdogo kama wa nyuki: kitulizi cha picha kimeharibika. Kwanza vua lenzi na kava lenye sumaku, zima simu, iwashe. Ikiendelea, uliza kama imekuwa ikifungwa kwenye usukani wa pikipiki. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na simu za kampuni nyingine zenye kitulizi nazo zimejengwa kwa namna inayokaribiana. Hakuna tiba ya nyumbani. Ni kubadilisha kamera.

Unyevu ndani ya kioo baada ya kupiga asubuhi yenye umande: zima simu, iache mahali pakavu penye hewa siku moja au mbili. Usiipashe moto, usiianike juani. Ukungu ukibaki, au mgongo wa simu umeanza kuinuka kwa sababu betri imevimba, usiichaji, usiibonyeze, ipeleke kwa fundi.

Kamera mpya ikishawekwa, usilipe kwanza. Toa gazeti, piga herufi kwa umbali wako ule wa mwisho, kisha piga bango la ng'ambo ya barabara. Herufi zikisomeka na bango likisomeka, toa hela.